CHUMA CHA UDONGO WETU NA UHAI WA ZIWA

Watu wengi, wasikiapo habari ya madini ndani ya maji, mara moja hufikiri sumu. Hatuwezi kuwalaumu, kwa maana habari zifikazo masikioni mwao ni zile za zebaki ya machimbo ya dhahabu na za samaki waliokutwa wamekufa ufukoni. Lakini jambo lenyewe ni pana kuliko hivyo, tena lina pande mbili. Bila chembe za chuma, za zinki, za shaba na za kobalti, hakuna mwani uwezao kuota majini. Bila mwani hakuna dagaa. Na bila dagaa, chakula cha mfanyakazi wa mkoa wa Kagera, na wa mikoa mingine mingi ya nchi hii, kingekuwa na upungufu mkubwa. Chembe zile zile zikizidi, au zikija za aina isiyofaa, huua. Basi haifai kuuliza tu kama madini yamo majini. Yafaa kuuliza ni kiasi gani, ni ya aina gani, na yametoka wapi.

Swali hili lawahusu watu wa Nshamba, ingawa mji wao umekaa juu ya vilima vya Muleba, katika Ihangiro ya zamani, na bahari ya Hindi i mbali nao kilomita zipatazo 900. Maji ya mvua inyeshayo huko hayaendi bahari ya Hindi kamwe. Sehemu yake huteremka upande wa mashariki hadi ziwa Viktoria, ambalo Wahaya huliita Lweru. Na sehemu nyingine hushika njia ya mto Ngono, uendao kaskazini mpaka kuungana na Kagera, na Kagera nao huingia katika ziwa lile lile. Kutoka ziwani maji hutokea Jinja, hupita Uganda, Sudani ya Kusini, Sudani na Misri, na mwisho wake ni bahari ya Mediterania. Chembe ya chuma iliyong'oka katika kilima cha Nshamba, kama ingejaliwa kufika baharini, ingetokea kwa Wamisri. Aghalabu haifiki. Husimama ziwani, na huko ndiko kazi yake iliko.

Planktoni ni jina la viumbe vyote vidogo vielavyo majini, visivyo na nguvu ya kushindana na mkondo. Vingine huishi kama mimea, yaani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua; hivyo ndivyo twaviita mwani. Vingine ni wanyama wadogo mno, ambao huula ule mwani. Dagaa hula hasa wanyama hao, sangara hula dagaa, na mtu hula wote wawili. Tone moja la maji ya ziwa laweza kuwa na mwani kwa mamia na maelfu, wala jicho lisione chochote ila rangi ya kijani kidogo.

Mwani wataka jua, wataka kaboni, wataka naitrojeni na fosforasi. Haya mkulima ayajua kwa majina ya mbolea. Baada ya hayo yaja yale madini yatakiwayo kwa kiasi kidogo sana, kama chumvi katika mchuzi. Chuma husaidia kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, tena huendesha mitambo midogo igeuzayo mwanga kuwa chakula. Manganizi hutumika katika kupasua maji ili oksijeni itoke. Zinki imo katika kimeng'enya kiusaidiacho mwani kunyonya kaboni. Kobalti ni kiini cha vitamini B12. Molibdeni, ikishirikiana na chuma, huwezesha baadhi ya mwani kukamata naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula, kazi ambayo wanadamu hatukuiweza mpaka karne ya ishirini, tena kwa viwanda vyenye moto na shinikizo kubwa.

Mkulima wa Ihangiro hana haja ya kuelezwa sana, kwa maana mfano anao mbele ya macho yake. Kibanja chake, penye migomba na mibuni, kimestawi kwa sababu vizazi kwa vizazi wamekipelekea samadi, majivu na nyasi. Rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja, hupata jua lile lile na mvua ile ile, lakini mgomba upandwao huko hudhoofu. Rweya haikukosa jua wala maji. Imekosa kitu kingine. Bahari nazo zina vibanja vyake na rweya zake.

Katika bahari ya Kusini izungukayo Antaktika, na katika sehemu kubwa za Pasifiki, wataalamu walikuta maji yenye naitrojeni na fosforasi tele, lakini mwani haba. Jambo hilo liliwasumbua miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, John Martin, wa maabara ya Moss Landing katika California, alisema kwamba kinachokosekana ni chuma. Kilichomwezesha kuyaona hayo, pamoja na akili, ni usafi. Meli ni chuma, nyaya za kushushia vyombo ni chuma, hata vumbi la chumbani lina chuma. Wapimaji waliotangulia walikuwa wakichota kutu ya meli zao wenyewe na kuiandika kuwa ni chuma cha bahari. Martin na wenziwe walitumia vyombo vya plastiki vilivyooshwa kwa asidi, wakajihadhari na kila chembe ya vumbi, ndipo ikadhihirika kwamba katika maji yale gramu moja ya chuma yaweza kuwa imeenea katika lita zaidi ya milioni mia moja.

Martin alifariki mwezi wa Juni 1993. Miezi michache baadaye, mnamo Oktoba, wenziwe walimwaga chuma kilichoyeyushwa katika eneo la kilomita za mraba 64 hivi, kusini mwa visiwa vya Galápagos, na mwani ukaongezeka mara tatu hivi. Walirudia mwaka 1995 kwa mpango bora zaidi, na safari hii mwani ulizidi mara ishirini na zaidi, bahari ya buluu ikageuka kijani. Tangu hapo wametokea watu wa biashara watakao kumwaga chuma baharini ili mwani unyonye hewa ya ukaa, nao walipwe fedha kwa huduma hiyo. Mwaka 2008 nchi zilizofunga mkataba wa London juu ya utupaji wa taka baharini zilikubaliana kwamba jambo hilo lisifanywe ila kwa utafiti wa halali. Kwa maoni yetu zilifanya vema, maana bahari si shamba la mtu mmoja.

Huenda msomaji akauliza: chuma ni kingi sana katika ardhi, imekuwaje kiadimike majini? Jibu ni kutu. Penye oksijeni chuma hupata kutu, na kutu haiyeyuki, bali huzama. Hapo kale, kabla ya miaka bilioni mbili na nusu hivi iliyopita, hewa haikuwa na oksijeni, na bahari zilikuwa na chuma kingi kilichoyeyuka. Kisha mwani wa buluu-kijani ukaanza kutoa oksijeni. Chuma kikashikwa, kikawa kutu, kikazama chini. Sehemu kubwa ya mawe ya chuma yachimbwayo leo katika Australia na Brazil ni kutu hiyo ya zamani. Kwa maneno mengine mwani ulijinyima chakula kwa pumzi yake wenyewe, na tangu siku hizo umelazimika kubuni hila za kukipata: mwingine hutoa majini kemikali za kukinasa chuma kidogo kilichopo, kama mvuvi atupaye wavu.

Kwa habari ya chuma, pwani ya magharibi ya ziwa ina sifa yake. Huko Katuruka, na karibu na ghuba ya Kemondo, wachunguzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walichimbua mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, na habari zake zilitangazwa ulimwenguni mwaka 1978. Wazee wa Kihaya waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo walijenga tanuru tena mbele ya wageni hao na kuonyesha jinsi ilivyofanywa. Tanuru zataka makaa, na makaa yataka miti. Basi kukatwa kwa misitu ya nchi hii si jambo lililoanza jana.

Na sasa tuje ziwani. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa ni mita 80 hivi tu, nacho cha wastani ni mita 40. Ni sahani pana isiyo na kina, iliyozungukwa na udongo mwekundu, na wekundu huo ni kutu ya chuma. Karibu na pwani, baada ya mvua, hakuna haja ya kuhofia njaa ya chuma. Maji ya katikati ya ziwa ni habari nyingine, na kwa ziwa Tanganyika, lenye kina kirefu na maji maangavu, majaribio yaliyotangazwa mwaka 2008 yalidokeza kwamba mwani mdogo kuliko wote huko waweza kupungukiwa chuma, wakati mwani mwingine hupungukiwa naitrojeni na fosforasi. Maziwa mawili ya nchi moja, na kila moja lina njaa yake.

Njaa ya ziwa Viktoria imebadilika katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Miaka ya 1920, wachunguzi waliposhusha sahani nyeupe katika maji ya mbali na pwani, waliiona mpaka kina cha mita saba hivi. Miaka ya 1990 mahali pengi ilitoweka kabla ya mita tatu. Matope ya chini ya ziwa, ambayo hujipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu, yalisomwa na Dirk Verschuren na wenziwe, nao walieleza mwaka 2002 kwamba ongezeko la mwani lilianza miaka ya 1930, likifuatana na ongezeko la watu na la kilimo kandokando ya ziwa, na kwamba maji ya chini yalianza kukosa oksijeni tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Twaomba jambo hili litiwe maanani na wale wapendao kumtupia sangara kila lawama. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hakuenea sana mpaka miaka ya 1980. Ameleta hasara yake, hasa kwa furu, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuanza kugeuka kabla yake.

Yaliyogeuza maji ni fosforasi, na hapa ndipo chuma kinapoingia katika kisa. Mtanzania Rashid Tamatamah, pamoja na Hecky na Duthie, walionyesha mwaka 2005 kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi iingiayo ziwani haiji kwa mito bali huanguka kutoka hewani, katika vumbi na mvua. Vumbi ni la ardhi iliyoachwa wazi, na moshi wa nyasi zichomwazo nao umo. Fosforasi ikizidi, naitrojeni haitoshi kulingana nayo. Mwani wa kawaida hukwama. Lakini ule mwani wa buluu-kijani uwezao kukamata naitrojeni ya hewani haukwami. Huendelea kuota pale wenzake waliposhindwa, na Rose Mugidde wa Jinja na wenziwe walitangaza mwaka 2003 kwamba njia hiyo ndiyo iingizayo naitrojeni nyingi kuliko nyingine zote katika ziwa Viktoria. Sasa kukamata naitrojeni kwataka chuma kingi kuliko kazi nyingine za mwani, na kwataka molibdeni pia. Udongo mwekundu ushukao kwenye vilima unao uwezo wa kuupa mwani huo kile unachokitafuta. Kilima kinapoteza rutuba, na ziwa linapata mgeni asiyetakiwa.

Mgeni huyo si chakula kizuri. Wanyama wadogo wa planktoni hupata taabu kumla, na aina zake nyingine hutoa sumu. Katika ghuba ya Mwanza sumu hiyo ilikutwa na Sekadende, Lyimo na Kurmayer, waliotangaza habari yake mwaka 2005. Wakati huo huo diatomu, mwani mzuri wenye maganda ya silika, ambao zamani ndio uliotawala maji haya, umepungua na kubadilika aina, kwa kuwa silika nyingi imekwisha kuzama pamoja na maganda yake.

Kuna mtego mwingine, na huu hauonekani kabisa kwa mtu aliye juu ya mtumbwi. Maadamu maji yana oksijeni, kutu ya chuma huishika fosforasi na kuizamisha nayo katika matope, kana kwamba imetiwa kufuli. Hivyo chuma ni mlinzi wa ziwa. Lakini kuanzia Septemba au Oktoba mpaka karibu na Mei, maji ya juu huwa na joto kuliko ya chini, nayo hayachanganyiki vizuri. Mwani uliokufa huzama na kuoza, na kuoza hula oksijeni. Oksijeni ikiisha, kutu huyeyuka, kufuli hufunguka, na chuma pamoja na fosforasi hurudi majini. Mwezi wa Juni na wa Julai pepo za kusini-mashariki huvuruga ziwa lote, zikaipandisha juu akiba hiyo yote, na mwani hupata karamu mpya. Ndiyo kusema kwamba ziwa likisha kushiba kupita kiasi hujilisha lenyewe, hata kama leo hii sisi tungeacha kulitia uchafu. Maji yasiyo na hewa yakipanda ghafula huua samaki: ilitokea katika ghuba ya Nyanza, Kenya, mwaka 1984, na mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walikutwa wakielea upande wa Uganda, na wakuu wa uvuvi wa huko wakaeleza kwamba walikufa kwa kukosa oksijeni.

Tumesema madini huua pia. Shaba ndiyo mfano ulio wazi. Mwani wataka shaba kidogo, lakini ikizidi kidogo tu huusumbua, na mwani wa buluu-kijani ndio udhurikao mapema. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, umetumika tangu mwaka 1904 huko Marekani kuua mwani katika mabwawa ya maji ya kunywa, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Kenya wazijua dawa za shaba kwa kuzuia kutu ya majani. Mtu asidhani basi kwamba twaweza kulisafisha ziwa kwa mrututu. Dawa ya bwawa si dawa ya ziwa lenye ukubwa wa nchi, na shaba imwagwayo haiozi.

Zebaki haina faida yoyote ijulikanayo kwa kiumbe hai. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Geita na Biharamulo huitumia kukusanya dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake husafiri. Ikifika katika matope yasiyo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa ya aina mbaya zaidi, ile iliyowadhuru watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Mwani huinyonya toka majini, wanyama wadogo huipata kwa mwani, na kila hatua huizidisha, hata samaki mkubwa awe na kingi kuliko wote. Hata hivyo vipimo vilivyofanywa kwa samaki wa ziwa Viktoria katika miaka ya 1990 na baadaye vilionyesha kwamba walio wengi wako chini ya mpaka wa kimataifa wa miligramu 0.5 kwa kilo, na kwamba wa kuangaliwa ni sangara wakubwa. Sababu moja yaweza kuwa ya ajabu: mwani ukiwa mwingi mno, zebaki iliyopo hugawanyika kwa wengi, na kila mmoja hupata kidogo. Jambo hilo lilionyeshwa kwa majaribio ya matangi huko Marekani mwaka 2002. Ikiwa ndivyo, basi siku tutakapofaulu kupunguza mwani bila kupunguza zebaki, samaki wetu watakuwa na sumu zaidi kuliko leo. Kazi hizo mbili hapana budi zifanywe pamoja.

Mkoa wa Kagera una jambo jingine la kufikiria. Kabanga, wilayani Ngara, pana hazina kubwa ya nikeli, pamoja na shaba na kobalti, na Januari 2021 serikali ilitia saini mapatano ya kuichimba kwa njia ya kampuni ya Tembo Nickel, ambayo serikali ina hisa 16 kwa mia. Hatuna neno la kupinga kazi hiyo. Vijana wa Kagera wataka kazi, na dunia yataka nikeli kwa betri. Lakini mawe ya Kabanga yana salfa. Mawe ya namna hiyo yakifunuliwa kwa hewa na mvua hutoa asidi, na asidi huyayeyusha madini yaliyomo. Maji ya Ngara huelekea mto Kagera, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani. Nikeli na kobalti, ambazo mwani wa ziwa umezizoea kwa kiasi cha chumvi ya mchuzi, zisije zikawa kiasi cha gunia.

Kwa hiyo vipimo vitangulie machimbo. Hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba mto umeharibika, wala mwenye mgodi kuthibitisha kwamba haukuharibika, ikiwa hapana daftari lionyeshalo jinsi ulivyokuwa. Maji ya Kagera yachotwe penye daraja la Kyaka, na ya Ngono mahali palipochaguliwa, kabla ya mvua za Machi na baada yake, mwaka hadi mwaka, kwa chupa za plastiki zilizooshwa kwa asidi kama zile za Martin, na matokeo yabandikwe mahali ambapo mvuvi wa Kemondo na mkulima wa Nshamba waweza kuyasoma kwa Kiswahili.